Kifua cha Mama ni Dawa. Nani Kasema?

Tiba nyingine haina kidonge wala sindano, na hakuna anayeiuza dukani. Sasa tutajuaje kama inafanya kazi? Jibu linawahusu wewe na mwenzi wako kuliko mnavyodhani.

Shoga yangu mmoja alijifungua mwaka 2015, ujauzito ukiwa na wiki 31. Mtoto alikuwa na kilo moja na nusu, yaani pakiti ya sukari na nusu yake. Manesi wakamchukua fasta kumpeleka chumba cha watoto njiti, akawekwa kwenye inkubeta. Mama mtu akarudishwa wodi ya wazazi, ghorofa nyingine kabisa. Kila baada ya saa tatu anashuka ngazi polepole, mkono tumboni, kikombe cha maziwa aliyokamua mkononi. Akifika anamtazama mwanawe kupitia kioo, kisha anapanda tena.

"Subiri mtoto atulie kwanza, mama. Akitulia utambeba kifuani," aliambiwa.

Alimbeba siku ya sita.

Msije mkawalaumu manesi. Ndivyo mwongozo ulivyosema wakati ule. Kumbeba mtoto njiti ngozi kwa ngozi, ile inayoitwa njia ya kangaruu, kulijulikana na kusifiwa. Ila sharti lilikuwa moja: mtoto awe ametulia kwanza, apumue vizuri, joto lisipande na kushuka. Inaingia akilini, sivyo? Mtoto dhaifu mwache kwenye mashine, mama aje baadaye.

Kumbe kuingia akilini ni kitu kimoja, na kuwa kweli ni kingine.

Ilianzia wapi?

Tuanzie mbali kidogo, mji wa Bogotá, Colombia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey alikuwa na tatizo ambalo hospitali nyingi za kwetu zinalijua: watoto njiti wengi, inkubeta chache, maambukizi kila kona. Akaamua kuwatumia akina mama wenyewe. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, anawekwa wima katikati ya matiti ya mama na kufungwa kwa kitambaa. Joto analipata hapo, na maziwa yako karibu.

Lilikuwa wazo zuri, lakini mawazo mazuri hospitalini ni mengi. Muulize mama yako kuhusu kunyolewa na kupigwa bomba la tumbo kabla ya kujifungua. Kwa miaka mingi wajawazito walifanyiwa hivyo kwa nia njema kabisa, ili kuzuia maambukizi. Baadaye utafiti haukuona faida, na leo Shirika la Afya Duniani, WHO, halishauri vifanywe kama utaratibu wa kawaida. Nia njema peke yake haitoshi.

Ndiyo maana kangaruu nayo ilibidi ipimwe. Utafiti wa Bogotá uliochapishwa mwaka 1997 uliwalinganisha watoto 746, na wenzao wa nchi nyingine wakafuata. Ikaonekana kuwa kwa mtoto aliyekwisha kutulia, kangaruu ni salama na inasaidia.

Swali likabaki kwa yule ambaye hajatulia. Vifo vingi vya watoto njiti hutokea siku za mwanzo, wakati ule ule ambao mama anaambiwa asubiri. Je, kusubiri kunamlinda mtoto au kunamponza?

Watoto 3,211

Kati ya mwaka 2017 na 2020, WHO iliratibu utafiti katika hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, jijini Dar es Salaam. Waliingizwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wakagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Daktari hakuchagua, wala mzazi hakuchagua.

Kundi la kwanza lilianza kangaruu muda mfupi baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie. Ili hilo liwezekane, vitanda vya akina mama viliwekwa ndani ya chumba cha watoto mahututi, mama na mtoto wakatibiwa pamoja. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida kwenye mashine, na kangaruu baada ya kutulia. Siku zile za mwanzo, kundi la kwanza lilikaa kifuani kama saa 17 kwa siku. La pili, kama saa moja na nusu.

Baada ya siku 28, katika kundi lililosubiri walikuwa wamefariki watoto 15.7 kwa kila 100. Katika kundi lililoanza mara moja, 12.0. Kwa hesabu ya nyumbani, kila watoto 27 wanaobebwa mapema, mmoja anapona ambaye angekufa. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilipoona tofauti hiyo ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya muda wake, maana haikuwa haki tena kuwaambia wazazi wengine wangoje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka 2022 WHO ikabadilisha mwongozo wake: kangaruu ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa.

Kwa nini inafanya kazi? Watoto waliobebwa mapema hawakupoa mwili sana, na wachache zaidi walishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu. Mtoto aliye kifuani hashikwi na mikono mingi, na vijidudu anavyokutana navyo kwanza ni vya mama yake, si vya wodini. Ila tuelewane: hawa walikuwa hospitali, madaktari na oksijeni pembeni. Kifua hakichukui nafasi ya hospitali, kwa hiyo usije ukamtorosha mtoto njiti eti umesoma kwenye gazeti.

Haina muuzaji

Kampuni ikitengeneza kidonge, italipia majaribio yake kwa sababu itakiuza. Kifua cha mama nani atakiuza? Ndivyo ilivyo kwa tiba nyingi za manesi na wenzao: mazoezi ya viungo baada ya kiharusi, kumfundisha mgonjwa kuongea upya, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Fedha inabidi zitoke serikalini, vyuoni au kwa wafadhili. Utafiti huu wa kangaruu ulifadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates.

Halafu ni vigumu kuzipima. Kidonge unaweza kukitengenezea pacha wa bandia, mgonjwa asijue amemeza kipi. Kifua cha bandia hakuna. Mama anajua kama mtoto yuko kifuani, na nesi anajua pia. Kinga inabaki kwenye bahati nasibu ya kugawa makundi, na kupima kitu ambacho matumaini ya mtu hayawezi kukipindisha. Mtoto yu hai au hayupo.

Mkiombwa, mtasema nini?

Hapa ndipo mnapoingia wewe na mwenzi wako. Hakuna utafiti wa namna hii bila wazazi au wagonjwa kukubali. Na ombi huja wakati mbaya: mmechoka, mna hofu, ndugu wote wanapiga simu. Bora mzungumze kabla. Maswali ya kuuliza ni haya:

Utafiti una kibali? Kwa Tanzania kibali cha kitaifa cha maadili hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Omba uonyeshwe.

Tukikataa, huduma yetu inabaki vilevile? Jibu lazima liwe ndiyo.

Tukiangukia kundi la pili, tutapata nini? Kundi hilo linatakiwa lipate huduma nzuri ya kawaida. Si la kutelekezwa.

Tunaweza kujitoa katikati? Ndiyo, siku yoyote, bila kutoa sababu.

Gharama za ziada, kama nauli na siku zaidi za kulala, ni za nani?

Kina baba, msijifiche nyuma ya gazeti. Mama akizidiwa au akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji, utafiti ule uliruhusu mtu mwingine wa familia kumbeba mtoto. Saa 17 kwa siku si kazi ya mtu mmoja, na wewe pia una kifua. Mwanaume aliyefungiwa kanga na mtoto ndani atachekwa kidogo wodini. Atazoea.

Yule shoga yangu binti yake yu mzima, anasoma shule ya msingi na anaongea kuliko redio. Nilipomsimulia matokeo haya alinyamaza muda mrefu. Nikadhani anazikumbuka zile siku sita na ngazi zile. Kumbe alikuwa anawaza kingine.

"Wale wa kundi la pili," akaniuliza, "waliokubali kurusha shilingi wakaambiwa subirini. Kuna mtu amewahi kuwashukuru?"

Sikuwa na jibu. Lakini kila mama ambaye leo hataambiwa asubiri siku sita ana deni kwao.