Daraja Letu Lipimwe kwa Mvua Gani?

Mnataka kujenga daraja la miguu? Kumbukeni watoto watapita hapo wakienda shule. Vijito vyetu vya Kisii na Nyamira hushuka kwa kasi kwenda Gucha na Sondu. Msipime kwa mvua ya mwaka jana peke yake. Fikirieni mvua tatu:

1. Masika ya kila mwaka.

2. Mvua kali ya saa moja, mashamba yakiwa yamelimwa. Kijito hujaa ghafla na kubeba magogo.

3. Mvua ya miezi, kama El Nino ya 1997-98. Ardhi ikishashiba, hata mvua ndogo hukimbilia mtoni.

Waulizeni wazee: kila mara maji yalifika wapi? Pigeni vigingi. Daraja lipite juu ya kigingi cha juu kabisa, na nguzo zisisimame katikati ya maji. Pesa zisipotosha, kubalianeni mapema maji yakifika kigingi kipi njia ifungwe.