Mchezaji wa 262 na somo la kununua mali ikiwa bado changa

KILA mwaka ifikapo Aprili, klabu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli nchini Marekani, hugawana vijana waliotoka kucheza katika timu za vyuo vikuu. Shughuli hiyo huitwa drafti, ingawa haihusiani kabisa na drafti ya kete inayochezwa barazani. Huchukua siku tatu na ina raundi saba. Klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kijana akishatajwa haruhusiwi kujadili mkataba na klabu nyingine.

Kwa mkulima au mfanyabiashara jambo hili si geni sana. Linafanana na mnunuzi anayelipia machungwa yakiwa bado mtini. Anaona maua, anaona majani na pengine anamfahamu mwenye shamba, lakini hajui mvua itanyesha vipi wala wadudu watakula kiasi gani. Bei hupangwa leo, ubora wa mali hujulikana baadaye.

Tofauti ni kwamba huko Marekani wanaopiga hesabu hizo si wanunuzi peke yao. Mashabiki wa kawaida, wakiwemo mafundi magari, walimu na wenye maduka, hutumia miezi kadhaa kutazama mechi za vyuo zinazochezwa Jumamosi, kusoma vipimo vya wachezaji na kupanga orodha zao wenyewe za nani achaguliwe na nani aachwe. Siku ya drafti ikifika, kila mmoja huwa na daftari lake la kulinganisha na uamuzi wa klabu anayoipenda.

Mwaka 2025 shughuli hiyo ilifanyika Green Bay, mji wenye wakazi wapatao laki moja tu, na katika siku tatu mahudhurio yalifikia takriban watu 600,000. Klabu ya mji huo, Green Bay Packers, inamilikiwa na mashabiki wenye hisa zaidi ya laki tano kwa idadi ya watu, mithili ya chama cha ushirika, isipokuwa hisa hizo hazina gawio. Shabiki wa pale anapolalamika kuhusu uchaguzi mbaya, analalamika pia kama mwenye mali.

Utaratibu wa kuwalinda wanyonge

Wazo la drafti lilitolewa mwaka 1935 na Bert Bell, aliyekuwa mmiliki wa Philadelphia Eagles. Wakati huo klabu zenye fedha zilikuwa zikijizolea wachezaji wazuri, na klabu maskini zikibaki na makapi. Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1936. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi hiyo. Tangu siku ya kwanza, basi, kuchaguliwa mapema hakukuwa hakikisho la mavuno.

Ili kupunguza kubahatisha, klabu hizo ziliweka utaratibu wa kuwapima vijana kabla ya kuwachagua. Tangu mwaka 1987, mamia yao huitwa katika mji wa Indianapolis kila mwaka. Hupimwa urefu, uzito na hata upana wa kiganja. Hukimbizwa yadi 40, yaani takriban mita 37, huku saa ikihesabu hadi sehemu za mia za sekunde. Hulala chali na kuinua chuma chenye uzito wa kilo 102 mara nyingi kadiri wawezavyo. Madaktari huwakagua magoti na mabega.

Vipimo hivyo hutangazwa, na mashabiki huvikariri kama dalali anavyokariri bei za sokoni. Hapo ndipo wengi huteleza. Anayenunua ng'ombe mnadani huweza kuvutiwa na umbo na rangi, kumbe angepaswa kuuliza ametoa maziwa kiasi gani na kwa mizao mingapi. Vivyo hivyo, kijana mwenye mbio na kifua kipana hupanda bei ghafla, hata kama uwanjani hakuonyesha mengi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Tom Brady. Mwaka 2000 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, muda wa polepole mno, na picha yake siku ya vipimo haikumpendeza mtu. Vijana 198 walichaguliwa kabla yake, sita kati yao wakicheza nafasi yake ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. New England Patriots walimchukua katika raundi ya sita. Alistaafu akiwa ametwaa ubingwa wa Super Bowl, ambayo ndiyo fainali ya ligi hiyo, mara saba.

Upande wa pili yupo JaMarcus Russell, kijana mwenye umbo kubwa na mkono wenye nguvu za ajabu. Oakland Raiders walimchagua wa kwanza mwaka 2007 na kumpa mkataba uliomhakikishia zaidi ya dola milioni 30. Baada ya misimu mitatu waliachana naye.

Shabiki dhidi ya meneja

Baadhi ya mashabiki waligeuza mapenzi hayo kuwa kazi. Mel Kiper Jr. alianza akiwa kijana huko Baltimore, akiandika ripoti za wachezaji na kuziuza mwenyewe. Mwaka 1984 kituo cha televisheni cha ESPN, kilichokuwa kikirusha drafti tangu 1980, kilimchukua kuwa mchambuzi. Mwingine, Joel Buchsbaum, alifanya kazi yake katika nyumba ndogo huko Brooklyn hadi alipofariki dunia mwaka 2002. Maandishi yake katika jarida la Pro Football Weekly yalisomwa na viongozi wa klabu wenyewe.

Si wote waliopenda kukosolewa na watu wa nje. Mwaka 1994 Indianapolis Colts walikuwa na nafasi ya tano. Kiper alitaka wamchague kwotabeki Trent Dilfer, wao wakamchukua mlinzi Trev Alberts. Kiper alipowakosoa hadharani, kiongozi wa klabu hiyo, Bill Tobin, alihoji mtu huyo ni nani hasa, akasema hata jirani yake anayepeleka barua ana sifa zinazolingana na zake.

Nani alikuwa sahihi? Alberts aliumia mara kwa mara na kuacha mchezo baada ya misimu mitatu. Dilfer hakuwa nyota, ingawa baadaye alitwaa Super Bowl akiwa na Baltimore. Lakini katika drafti hiyo hiyo Tobin alikuwa amemchagua Marshall Faulk katika nafasi ya pili, na Faulk akaja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa historia ya ligi. Meneja alipata kimoja na kukosa kimoja. Aliyemkosoa naye hakupata dhahabu.

Bei ya kujiamini kupita kiasi

Nafasi za kuchagua zinaweza kuuzwa na kununuliwa kati ya klabu na klabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mike McCoy, mshirika wa mmiliki wa Dallas Cowboys, alitengeneza jedwali la bei. Nafasi ya kwanza aliipa pointi 3,000, ya pili 2,600 na ya 16 pointi 1,000. Maana yake ni kwamba anayetaka kuchagua wa kwanza atoe thamani ya nafasi tatu za katikati ya raundi ya kwanza. Jedwali hilo lilienea katika ligi, na mashabiki wanalitumia hadi leo wanapobishana.

Je, bei hiyo ni ya haki? Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walilichunguza swali hilo. Matokeo yao ya awali yalitoka mwaka 2005 na kuchapishwa rasmi mwaka 2013. Thaler alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Walilinganisha mchango wa kila mchezaji na mshahara wake, wakabaini kuwa klabu hulipa kupita kiasi kwa nafasi za juu kabisa. Faida kubwa zaidi, yaani kazi iliyofanyika ukitoa gharama, ilipatikana kwa waliochaguliwa mwanzoni mwa raundi ya pili.

Jambo jingine linamhusu kila mnunuzi. Ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, uwezekano wa yule wa kwanza kuwa bora kuliko wa pili ulizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Pamoja na vipimo na safari zote, tofauti na kurusha sarafu ilikuwa ndogo.

Aidha, wachumi hao waligundua kuwa klabu ziko tayari kutoa nafasi ya raundi ya kwanza ya mwaka ujao ili zipate ya raundi ya pili mwaka huu. Ukiigeuza kuwa riba, inazidi asilimia 100 kwa mwaka. Mkulima aliyewahi kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa sababu ya shida ya ada ya shule anaielewa riba hiyo. Tofauti ni kwamba yeye alibanwa na shida, ilhali klabu hizi husukumwa na imani kwamba zimemwona mtu ambaye wengine hawajamwona.

Ni kweli kwamba mkataba wa mwaka 2011 kati ya ligi na wachezaji ulipunguza gharama. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78. Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Hata hivyo, tamaa ya nafasi za juu haikuisha. Mwaka 2012 Washington walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili ili wapande kumchukua kwotabeki Robert Griffin III. Alianza vizuri sana, kisha akaumia goti. Aliyekuja kushika nafasi yake ni Kirk Cousins, ambaye klabu hiyo hiyo ilimchagua katika raundi ya nne ya drafti hiyo hiyo.

Ghali na rahisi katika zizi moja

Hadithi hiyo ilijirudia San Francisco. Mwaka 2021 klabu ya 49ers ilitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili ipande hadi nafasi ya tatu na kumchukua kwotabeki Trey Lance. Mkataba wake ulikuwa wa takriban dola milioni 34. Alikuwa na mbio, nguvu na akili, lakini chuoni North Dakota State alikuwa ameanza mechi 17 tu. Alichoonyesha kilikuwa kizuri, kilikuwa kidogo.

Mwaka uliofuata klabu hiyo ilikuwa na nafasi ya mwisho kabisa ya drafti, ya 262. Ikamchukua Brock Purdy wa Iowa State, kijana asiye mrefu wala mwenye mkono wa kutisha, lakini aliyekuwa amecheza chuoni misimu minne mbele ya macho ya kila mtu.

Septemba 2022 Lance alivunjika kifundo cha mguu. Desemba hiyo aliyekuwa akishika nafasi yake naye aliumia, na Purdy akaingia. Akaishika nafasi hiyo. Agosti 2023 Lance aliuzwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Februari 2024 Purdy aliiongoza klabu hiyo katika Super Bowl, ambayo walifungwa na Kansas City Chiefs kwa 25 kwa 22. Mshahara wake wa msimu huo haukufika dola milioni moja. Mei 2025 alisaini mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 265.

Haifai kumlaumu Lance kwa kuvunjika mguu, wala kudhani kwamba San Francisco walijua siri ya Purdy. Kama wangeijua wasingesubiri hadi vijana 261 wapite.

Wapo pia wanaoingia bila drafti kabisa. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli katika chuo chochote. Alicheza mechi chache, lakini safari yake ilionyesha kuwa orodha za mashabiki, hata ziwe ndefu vipi, haziwahusu wote wanaoweza kufika.

Yanayofaa kuigwa

Miongoni mwa mashabiki wanaofanya hesabu hizi kwa makini kuna tabia ambazo mwenye shamba au duka anaweza kuzitumia.

Kwanza, hupima kazi iliyofanyika kwa muda mrefu kabla ya kuangalia umbo na mbio za siku moja. Mche wa mbegu mpya uliostawi msimu mmoja bado haujapitia ukame.

Pili, hupendelea klabu yao ipate nafasi nyingi za bei ya kawaida kuliko moja ya bei ya kuruka. Mwenye mtaji wa kununua magunia kutoka kwa wakulima watano hapotezi yote shamba moja likishambuliwa.

Tatu, husikitika klabu inapouza nafasi za mwaka ujao, kwa kuwa deni hilo hulipwa na msimu ambao bado haujalimwa.

Nne, na hili ndilo gumu, huandika makadirio yao kabla ya drafti na kuyarudia baada ya miaka mitatu au minne, waliyopatia na waliyokosea. Daftari hilo halimfanyi shabiki ajue yajayo, ila humwonyesha ni wapi jicho lake humdanganya mara kwa mara. Mkulima anayeandika alinunua mbegu gani, kwa nani, kwa bei gani na alivuna nini, huanza kujifunza jambo hilo hilo kwa gharama ya daftari moja na kalamu.