Taa ya Bei Chee, Maji ya Bei Mbaya

Kwenye tangi la samaki wa maji chumvi, gharama ya taa haiishii dukani. Inaendelea kwenye Luku, kisha kwenye madumu ya maji utakayobeba kila wiki. Muuzaji atakutajia ile ya kwanza tu. Hizo mbili zipige hesabu mwenyewe kabla hujatoa hela.

Tuchukue tangi la lita 200 la sebuleni, Dar es Salaam, lenye samaki na matumbawe machache. Yuniti ya umeme tuihesabu shilingi 356 pamoja na kodi, na taa iwake saa nane kwa siku.

Metali halaidi ya wati 250, pamoja na balasti yake, inavuta kama wati 280. Hizo ni yuniti 67 kwa mwezi, karibu shilingi 24,000. Tyubu nne za T5 za wati 39 zinakula yuniti 37, yaani kama 13,300. LED inayovuta wati 90 za kweli inakula yuniti 22 hivi, sawa na shilingi 7,700.

Halaidi iliyotumika utaipata kwa bei ya kutupa, maana wengi wameshahamia LED. Hapo ndipo mtu hunaswa. Tuseme LED imeizidi kwa laki mbili. Tofauti ya umeme peke yake, shilingi 16,000 na ushee kila mwezi, inakurudishia laki mbili zako kwa mwaka mmoja na wiki chache. Ndani ya mwaka huohuo balbu ya halaidi itakuwa imechoka: bado inawaka, lakini rangi imegeuka na mwani unastawi. T5 nazo hubadilishwa kila mwaka hivi, na tyubu zinazofaa matumbawe hazipatikani katika kila duka la umeme. Ile nyeupe ya ofisini itaingia kwenye fremu vizuri tu, ila mwanga wake si wa kazi hiyo.

Kama mita yako iko kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile ya yuniti 75 kwa mwezi, simama hapa kidogo. Halaidi peke yake imeshamaliza 67. Friji na pasi zikiingia umevuka, na yuniti za juu ya 75 zina bei zaidi ya mara tatu ya zile za chini. Gharama hii huikuti kwenye risiti ya taa.

Je, una samaki tu, bila matumbawe? Basi usinunue taa ya matumbawe. Samaki wanahitaji kuona na kuonekana, na LED yoyote nyeupe ya wati 20 au 30 inatosha. Matumbawe ndiyo yanayotaka mwanga mkali wenye bluu nyingi, kwa sababu ndani yake wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani wanaoyalisha kwa mwanga huo. Kulipia bluu hiyo kwa ajili ya samaki ni kuchoma hela.

LED nayo ina mitego yake. Namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni jumla ya uwezo wa vijitaa vyake, siyo umeme inaovuta kweli. Taa iliyoandikwa wati 165 inaweza kuvuta pungufu sana, kwa hiyo mwambie muuzaji aichomeke kwenye mita ya plagi uone. Kinachokufa mapema huwa ni draiva, kifaa kinachovipa vijitaa umeme, hasa umeme unapopanda na kushuka, au kifeni cha ndani kilichojaa vumbi na chumvi. Nunua inayofunguka kwa skurubu, ambayo fundi anaweza kuibadilishia draiva. Iliyogundishwa kwa gundi ikifa ni ya kutupa, hata kama ilikuwa rahisi kwa nusu.

Sasa maji. Joto la taa huyafanya yapae, na yanayopaa ni maji matupu. Chumvi inabaki tangini. Tangi letu likipoteza lita 4 kwa siku na ukaliacha wiki nzima, lita 28 zimeondoka, na chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita imefika karibu 41. Samaki wengine watavumilia. Matumbawe, konokono na kamba watakuonyesha mapema kuwa hawajapenda.

Kwa hiyo unachojazia ni maji baridi yasiyo na chumvi. Najua inauma kununua maji wakati Bahari ya Hindi nzima iko mlangoni na ni ya bure. Lakini kujazia lita 4 za bahari kila siku ni kumwaga gramu 140 za chumvi mpya juu ya ile iliyobaki. Maji ya bahari yatumie siku ya kubadilisha maji ya tangi, uyateke wakati bahari imejaa, mbali na mdomo wa Mto Msimbazi, na siyo baada ya mvua kubwa.

Watu wengi hapa Pwani wanapambana na joto, na muuzaji atakuuzia feni ndogo ya kupuliza juu ya maji. Inafanya kazi kweli: kila lita inayopaa inaondoka na joto la karibu theluthi mbili ya yuniti ya umeme. Ila sikiliza hesabu yake. Feni ya wati 10 ikizunguka usiku na mchana inakula yuniti saba kwa mwezi, shilingi 2,600 hivi. Ikikuongezea mvukizo wa lita 3 kwa siku, hizo ni lita 90 kwa mwezi. Dumu la lita 20 la maji yaliyochujwa ukilipata kwa 3,000, umelipa 13,500 za maji. Feni inakunywa mara tano ya inavyokula.

Chila, ile mashine ya kupoza maji, hainywi. Lakini ndogo yenye kuvuta wati 150 ikifanya kazi nusu ya siku ni yuniti 54, zaidi ya shilingi 19,000 kwa mwezi, kabla hujalipia mashine yenyewe, na joto inalolitoa linarudi sebuleni kwako. Feni bado inashinda, ila kwa pengo dogo kuliko unavyoambiwa. Nafuu ya kweli ni kuifunga kwenye saa ileile ya kuwashia taa, iwake taa inapowaka na kuzima inapozima. Na taa isipochemsha maji, kuna miezi, Juni hadi Agosti, ambayo huenda usiihitaji kabisa. Mwezi Machi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, usitarajie makubwa: maji hayapai vizuri kwenye hewa iliyoshiba maji.

Kifuniko cha kioo kinapunguza mvukizo, lakini kinafungia joto ndani, na chumvi inayoganda juu yake inakula mwanga uliokwisha kuulipia. Kama shida yako ni samaki wanaoruka, tandika wavu.

Maji ya kujazia utayatoa wapi? Ya bomba ukiyaacha wazi usiku kucha hupunguza klorini, lakini chokaa na madini mengine hayaendi popote. Bomba lenye miligramu 300 kwa lita, kwa lita 120 za mwezi, linakuachia gramu 36 za vitu ambavyo hukuviomba. Visima vingi vya Dar vina chumvi na ugumu zaidi ya hapo. Maji ya AC yanaonekana safi na ni ya bure, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe. Usiyaguse.

Tahadhari nyingine iko kwenye maji ya betri. Jina hilo mtaani linabeba vitu viwili: maji yaliyokenekwa, na asidi. Muulize wa gereji mara mbili na usome chupa.

Linalobaki kwa mwenye tangi moja ni dumu la maji yaliyochujwa kwa RO, chujio linaloondoa madini. Nenda na kipima TDS, kifaa kidogo chenye ukubwa wa kalamu kinachosoma madini yaliyoyeyuka majini. Kikisoma chini ya 20, chukua. Kikisoma 100 na zaidi, huenda wamerudisha madini kwa ajili ya ladha. Mazuri kwa kunywa, mabaya kwa kazi yako. Kufunga mtambo wako wa RO nyumbani kunaanza kuingia akilini ukiwa na matangi mawili matatu. Unahitaji presha, na simtanki iliyo mita tatu juu inakupa sehemu ndogo tu ya inayotakiwa, kwa hiyo ongeza bei ya pampu. Kwa kila lita safi unamwaga tatu au nne za kudekia, na vichujio vinabadilishwa.

Namna ya kujazia, anza na ya bure: mstari wa kalamu kwenye kioo na jagi, asubuhi na jioni. Unayesafiri mara kwa mara, weka koki ya boya iliyounganishwa na ndoo iliyo juu. Mashine ya sensa na pampu ni nzuri lakini ni ya mwisho kwenye foleni. Vyote viwili hukwama kwa sababu ya ukoko wa chumvi, hivyo ndoo isizidi lita 10. Hata ikimwagika yote kwenye tangi lililojaa, chumvi inashuka kutoka 35 hadi kama 33, na hakuna anayekufa. Ndoo ya lita 60 ikimwagika ni msiba, na zulia linaharibika. Mdomo wa mpira ukae juu ya maji, usije ukanyonya ya tangini.

Fedha utakayookoa hapo inunulie refraktometa ya kupima chumvi. Haidromita ya plastiki yenye mkono ni rahisi, lakini kiputo kidogo cha hewa kikishika mkono kinakudanganya. Saa ya kuwashia taa chukua ya kidijitali yenye betri. Ile ya kuzungusha husimama umeme ukikatika, na baada ya wiki ya katakata taa yako inawaka usiku wa manane.

Ukiangukia LED iliyotumika, omba iwashwe saa nzima kwa mwanga wa juu kabisa kabla ya kulipa. Draiva mbovu hujificha dakika za mwanzo, kisha ikipata joto inaanza kupepesa. Gusa bati la mgongoni: likiwa la baridi kabisa wakati vijitaa vinawaka, joto halitoki, na vijitaa hivyo havina maisha marefu.