Tone la Maji na Neno la Chuki

Tumtazame mama mmoja mzee, mkristu wa siku nyingi, katika kijiji kimoja cha milima ya Kivu. Ni asubuhi ya Dominika, mwaka 1950. Ameamka jogoo wa kwanza alipowika, ametwaa rozari yake, naye anakwenda misioni pamoja na mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la nne. Mwendo ni wa saa tatu. Wanapofika kijitoni mama anainama kunawa uso, na kwa kusahau anachota maji kwa kiganja, anakunywa.

Mara anasimama kwa huzuni. «Ole wangu, mjukuu wangu! Nimevunja mfungo. Leo sitaweza kupokea Komunyo Takatifu.»

«Ndiyo, mama mzee,» anajibu mtoto kwa heshima. «Nasi shuleni tulifundishwa hivyo.» Wanatembea kitambo kidogo bila kusema. Kisha mtoto anauliza: «Lakini yule mama jirani, ambaye hamsalimiani tangu mavuno ya mwaka jana, naye je?»

Mama anashangaa. «Hayo ni mambo ya mpaka wa shamba, mtoto wangu. Hayahusu mfungo.»

Mama huyu tumemtoa kwa mfano tu. Lakini ni nani kati yetu asiyemfahamu? Pengine anakaa nyumbani mwetu. Pengine ni sisi wenyewe.

Tuanze na sheria yenyewe. Zamani, mkristu aliyetaka kupokea Komunyo hakuruhusiwa kula wala kunywa kitu tangu saa sita ya usiku, hata maji. Desturi hii ni ya kale sana, na kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kiliithibitisha. Je, ilikuwa sheria mbaya? La, hasha. Ilimkumbusha mkristu kwamba chakula kile si chakula kama vingine, na kwamba yafaa Bwana apewe nafasi ya kwanza. Mgeni mkubwa akija, twafagia ua kabla hajafika.

Lakini Kanisa ni mama, na mama hutazama hali ya watoto wake. Tarehe 6 Januari 1953, Baba Mtakatifu Pio XII alitangaza kwamba maji matupu hayavunji tena mfungo. Aliwafikiria wakristu wanaotembea mwendo mrefu katika nchi za misioni, wafanyakazi wa usiku, na mama wenye kazi nyingi za nyumbani. Mwaka 1957 aliufanya mfungo kuwa wa saa tatu kwa chakula na pombe, na saa moja kwa vinywaji vingine. Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI aliupunguza kuwa saa moja tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeishika saa hiyo moja, na kuongeza kwamba maji na dawa havizuii Komunyo; tena wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawafungwi na saa hiyo.

Basi, fikirini. Tangu mwaka 1953 mpaka 1964, mfungo huo ulibadilishwa mara tatu. Lakini neno la Bwana juu ya jirani halikubadilika hata mara moja. Katika Injili ya Matayo alifundisha kwamba, ukileta sadaka yako altareni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo hapo, uende kwanza kupatana naye. Tone la maji lilikuwa jambo la sheria ya Kanisa, ambayo Kanisa laweza kuilegeza. Neno la chuki ni jambo la amri ya Mungu, ambayo hakuna Papa awezaye kuilegeza.

Hata Mtume Paulo, alipowakaripia Wakristu wa Korinto juu ya Karamu ya Bwana, aliona kosa gani? Walikuwa wakikusanyika, matajiri wakala na kulewa, maskini wakabaki na njaa. Hilo ndilo lililomuumiza Mtume: kukaa katika karamu ya Bwana huku wanamdharau ndugu.

Bwana Yezu naye hakuidharau sheria. Aliwaambia Mafarisayo kwamba zaka za mboga ndogo ndogo hawakukosea kuzitoa. Kosa lao ni kuacha yaliyo makubwa, yaani haki, huruma na uaminifu. Tena aliwalaumu kwa jambo linalotugusa sisi watu wa jamaa. Mtu aliweza kutangaza kwamba mali yake ni Korbani, yaani sadaka ya Mungu, na kwa neno hilo akajifungua asiwasaidie baba na mama yake. Ajabu iliyoje! Aliitumia dini kuwa mlango wa kutorokea upendo.

Kuna tena ubaya wa pili. Mwenye kushika maagizo bila upendo humwogopa Mungu kama mtumwa amwogopavyo bwana mkali. Katika Ufaransa, mwaka 1643, mwalimu mmoja wa dini, Antoine Arnauld, alitoa kitabu kikubwa juu ya Komunyo ya mara kwa mara. Wengi waliofuata mafundisho kama yake walikaa mbali na meza ya Bwana siku nyingi, wakidhani ni tuzo ya watu wasio na doa. Mwaka 1905 Baba Mtakatifu Pio X aliweka wazi: mwenye neema ya utakaso na nia njema asizuiwe kupokea Komunyo, hata kila siku. Na mwaka 1910 aliwafungulia mlango watoto waliofikia umri wa akili, yapata miaka saba. Komunyo ni chakula na dawa ya wasafiri.

Je, tuseme basi kwamba amri si kitu, na kila mtu afuate moyo wake? Kijana anayesema hivyo hujidanganya. Ua wa miti hulinda bustani. Ukiubomoa, mbuzi watakula mboga zote. Lakini mkulima anayekaza ua kila siku, asipande hata mbegu moja, atavuna nini? Atalala njaa ndani ya ua mzuri.

Enyi wazazi, enyi makatekista, mkiwafundisha watoto amri, waambieni pia sababu yake. Mtoto akikuuliza, «Nimefunga saa moja, je, yatosha?» mjibu, «Saa hiyo yatosha, mwanangu. Na ndugu yako umempatanisha na moyo wako?»

Tukirudi kwa mama yetu mzee: Dominika ile hakupokea, akaitii sheria ya siku zake, na alifanya vema. Lakini njiani kurudi ilimpasa kupita mbele ya nyumba ya yule jirani. Mlango ulikuwa wazi. Kupiga hodi hakukuhitaji ruhusa ya padri wala ya Papa.