Mwalimu wa jimu ndiye mwenye ufunguo wa soko la unga wa protini

BIASHARA ya unga wa protini, kreatini na virutubisho vingine vya wanamazoezi humtegemea sana mtu ambaye mara nyingi hana duka wala hisa: mwalimu wa jimu. Mteja humwuliza yeye kwanza, kisha ndipo huenda dukani. Kwa hiyo mafunzo ya lishe wanayopata walimu hao si suala la michezo peke yake. Yanamhusu pia mfanyabiashara ambaye mzigo wake utatoka au utalala ghalani hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ipite.

Somo la kwanza ni kiasi. Chama cha Kimataifa cha Lishe ya Michezo (ISSN) kilieleza mwaka 2017 kuwa watu wengi wafanyao mazoezi hutosheka na gramu 1.4 hadi 2.0 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 98 hadi 140. Yai moja lina gramu 6 hivi, na gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20. Mwalimu anayeijua hesabu hii hamshauri kila mtu anunue kopo, bali yule tu ambaye chakula chake hakifikii kiasi hicho. Mauzo ya mwanzo huenda yakawa madogo, lakini mnunuzi wa namna hiyo hurudi.

Somo la pili ni kusoma lebo. Unga mwingi wa protini hutokana na maji ya maziwa yanayobaki baada ya jibini kutengenezwa. Takriban lita 10 za maziwa hutoa kilo 1 ya jibini na lita 9 hivi za maji hayo. Ndiyo maana bei ya unga hufuata pia mwenendo wa viwanda vya maziwa, pamoja na thamani ya dola.

Bei ya kopo peke yake hudanganya. Chukuliwe mfano wa makopo mawili ya kilo 1. La kwanza lina gramu 800 za protini na linauzwa shilingi 9,000. La pili lina gramu 500 kwa shilingi 7,000. La kwanza ni shilingi 11.25 kwa gramu, la pili ni shilingi 14. Lionekanalo rahisi ndilo ghali, na mwalimu aliyefundishwa huligundua mara moja.

Somo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni usalama. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho kwa kawaida havihitaji kibali cha serikali kabla ya kuuzwa. Uchunguzi wa maabara ya Cologne, Ujerumani, wa mwaka 2000 na 2001 ulipima bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, karibu asilimia 15, zilikuwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo. Efedra, iliyouzwa kwa miaka mingi kama dawa ya kupunguza unene, ilipigwa marufuku katika virutubisho Marekani mwaka 2004.

Kwa mwanariadha, kutojua si kinga. Kanuni za shirika la kupambana na dawa michezoni duniani (WADA) humbebesha yeye jukumu la kila kinachokutwa mwilini mwake. Katika nchi ya wakimbiaji kama Kenya, kopo moja lililochafuka laweza kukatisha riziki ya familia nzima, na jina la duka lililoliuza likaenda nalo.

Si bidhaa zote zenye mashaka. Kreatini imefanyiwa utafiti mwingi, haimo katika orodha ya WADA ya vitu vilivyokatazwa, na gramu 3 hadi 5 kwa siku huwatosha watu wengi.

Mwenye kutaka kuweka fedha katika biashara hii adai cheti cha kupimwa kwa kila toleo la bidhaa, ahakikishe taratibu za usajili zimekamilika, na aangalie tarehe kabla ya kulipa. Aidha, asimlipe mwalimu kamisheni kwa idadi ya makopo. Mwalimu alipwaye hivyo husahau haraka aliyofundishwa, na hasara humrudia mwenye duka.