Kapsuli ya kikohozi isiyolevya: bei yake, na nani asikae nayo nyumbani

Mtu mzima anayeishi Marekani, kikohozi kikavu kikimnyima usingizi, ana njia nne za kawaida: asali, dawa ya dukani yenye dekstromethofani, kapsuli za benzonateti ambazo hazitolewi bila cheti cha daktari, au sharubati yenye kodeini, nayo ya cheti. Siku hizi wengi hutoka kliniki na benzonateti, ambayo zamani ilijulikana zaidi kwa jina la Tessalon. Haimo katika jamii ya kasumba, haileti uraibu, na bei yake ni nafuu. Sifa zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, kila nyumba yenye mtoto mdogo inapaswa kuijua dawa hii vizuri kabla ya kuiingiza mlangoni.

Iliidhinishwa Marekani mwaka 1958. Ni ndugu wa prokeini na tetrakeini, dawa za ganzi. Unapovuta pumzi, mapafu na njia za hewa hutanuka, na vipokezi vilivyomo humo hupeleka taarifa kwenye ubongo. Kifua kikiwa kimewashwa na mafua, taarifa hizo huamsha kikohozi kisichokwisha. Benzonateti huvitia ganzi vipokezi hivyo hukohuko kifuani. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 15 hadi 20, na nguvu yake hudumu saa 3 hadi 8. Haiui vijidudu wala hailainishi makohozi, kwa hiyo mwenye kifua kinachotoa makohozi mengi haimfai, maana kwake kukohoa ndiko kunakosafisha mapafu.

Kapsuli yenyewe ni laini, ya manjano inayong'aa, na ndani ina kimiminika. Inamezwa nzima, kwa maji. Ukiitafuna au ukiinyonya, ile ganzi iliyokusudiwa kifua hushika ulimi na koo, na mtu aliyekufa ganzi kooni anaweza kupaliwa hata na mate yake. Ikitokea mdomo umeanza kufa ganzi, usile wala usinywe chochote mpaka hali hiyo iishe. Mtu mzima humeza miligramu 100 au 200 mara tatu kwa siku, isizidi 600 kwa siku nzima. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Aliyewahi kudhurika na dawa za ganzi kwa daktari wa meno amwambie daktari mapema.

Sasa bei. Kapsuli 30 za miligramu 100, kwa kuponi ya bure ya punguzo, mara nyingi hupatikana kwa dola 10 hadi 20. Bila kuponi, duka lilelile linaweza kukutoza zaidi ya mara mbili, hivyo muulize mfamasia bei ya taslimu kabla hajaiandaa. Wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali, wajue kwamba sheria imeziondoa dawa za kutuliza dalili za kikohozi na mafua katika malipo ya kawaida ya Sehemu D, ile inayolipia dawa, kwa hiyo wasishangae bima ikikataa. Gharama kubwa hata hivyo ni ile ya kumwona daktari akuandikie: asiye na bima mara nyingi hulipa zaidi ya dola 100 kliniki. Kumlipa daktari pesa hiyo kwa kikohozi cha mafua ya kawaida cha siku nne tu ni hasara, kwa maoni yangu.

Bei nyingine haiandikwi kwenye risiti. Desemba 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kukusanya visa saba vya watoto chini ya miaka 10 waliomeza benzonateti kwa bahati mbaya. Watano walifariki, wote wa miaka miwili au chini ya hapo. Kapsuli moja au mbili zinatosha. Mtoto huanza kutetemeka na kupata degedege ndani ya dakika 15 hadi 20, mapigo ya moyo huvurugika, na kifo kimewahi kutokea ndani ya saa moja. Ukihisi tu kwamba mtoto amemeza, piga 911 papo hapo; usisubiri uone dalili. Tazama tena umbo lile la manjano na ulaini ule: kwa mtoto, hiyo ni peremende. Haitoshi kuificha kwenye pochi au juu ya friji. Ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Kodeini nayo ina hatari zake. Tangu 2018 FDA imesema dawa za kikohozi zenye kodeini au haidrokodoni zisitumiwe na walio chini ya miaka 18. Zaidi ya uraibu, wako watu ambao ini lao huigeuza kodeini kuwa mofini upesi mno, na pumzi zao zikadhoofu kwa dozi ya kawaida. Utafiti uliochapishwa 1996 ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 nchini Ethiopia wana vinasaba vya aina hiyo. Mtu wa Pembe ya Afrika akiandikiwa kodeini ana kila sababu ya kumuuliza daktari kuhusu jambo hili.

Dekstromethofani haihitaji cheti, ila haichanganywi na baadhi ya dawa za sonona. Asali ni rahisi zaidi kwa bei: katika utafiti wa Pennsylvania wa 2007, watoto waliopewa asali usiku walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu, na dekstromethofani haikuonyesha tofauti ya maana. Asali isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo nyumba yenye watoto ningeipa asali kwanza. Mtu mzima anayeishi peke yake, aliyechoshwa na kikohozi kikavu, benzonateti inamfaa. Ila kikohozi cha mafua huweza kuchukua hata siku 18 kwisha chenyewe. Kikipita wiki mbili kikiambatana na jasho la usiku au kukonda, omba kipimo cha kifua kikuu. Na kama unatumia lisinoprili kwa shinikizo la damu, mwulize daktari kama kikohozi hakitokani na kidonge hicho. Kikiwa ndicho chanzo, kubadilishiwa dawa ya presha kunaweza kukuondolea haja ya kununua hizi zote.