Eksirei, mbung'o wa Unguja na mtoto aliye tumboni

Ukiwa mjamzito na umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, mhudumu wa afya anaweza kukutaka utoe makohozi ili upimwe kifua kikuu, na wakati mwingine upige eksirei ya kifua. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jirani wa Mbagala atakwambia mionzi humharibu mtoto. Mwingine wa Tandale ataongeza kwamba hata ukijifungua salama, madhara yatakuja kuonekana kwa wajukuu. Wapo kina mama wanaotoka kwenye foleni na kurudi nyumbani na kikohozi chao.

Hofu hiyo ina mzizi. Mionzi inaweza kweli kuharibu uzazi, na mfano ulio wazi kabisa uko karibu nasi, hapo Unguja. Ukiuelewa, utaelewa pia kwa nini eksirei ya kifua si jambo la kukimbia.

Kilichotokea Unguja

Kwa miaka mingi Unguja ilisumbuliwa na mbung'o, yule inzi anayenyonya damu na kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, mimba hutoka. Sumu na mitego iliwapunguza mbung'o hao lakini haikuwamaliza, hasa kwenye misitu kama Jozani. Ndipo wataalamu wakaamua kutumia mionzi. Kwenye kituo cha utafiti cha Tanga walizalisha mbung'o kwa wingi, wakawapiga madume mionzi ya gama, kisha wakawamwaga juu ya kisiwa kwa ndege. Kati ya 1994 na 1997 waliachiwa madume zaidi ya milioni 8.

Dume aliyepigwa mionzi huruka na kumpanda jike kama kawaida. Tatizo liko ndani ya mbegu zake: chembe za urithi, zinazobeba maelekezo ya kumtengeneza mtoto, zimekatikakatika. Yai likirutubishwa, kiumbe kinachoanza hufa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo akikutana na dume wa namna hiyo uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na mwishoni mwa 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Angalia hapo: hawakuzaliwa mbung'o wenye vichwa viwili. Urithi ulioharibika sana hauendi mbali, hufia njiani. Uharibifu mdogo ndio unaoweza kurithiwa. Mwaka 1927 Mmarekani Hermann Muller alionyesha kuwa inzi wadogo wa matunda waliopigwa eksirei nyingi huzaa watoto wenye mabadiliko, nao huyapitisha kwa wajukuu. Kwa mimea, wakulima wamegeuza jambo hilo kuwa faida. Zanzibar, watafiti walipiga mionzi mbegu za mpunga, wakapanda, wakachagua mimea iliyotoka vizuri zaidi kizazi baada ya kizazi, na mbegu iitwayo SUPA BC ikapatikana hivyo. (Wali wake hauna mionzi. Mbegu haibaki na mionzi ndani yake, kama vile wewe usivyotoka nayo ukimaliza eksirei.)

Na binadamu?

Swali hili limechunguzwa kwa miaka mingi sana. Baada ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 70,000 waliotungwa mimba baada ya wazazi wao kunusurika. Hawakuona ongezeko la kasoro za kuzaliwa wala la magonjwa ya kurithi. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mwingine, wa watoto 130 ambao wazazi wao walipata mionzi kutokana na ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986. Chembe zao za urithi zilisomwa zote, na mabadiliko mapya hayakuzidi yale ya watoto wengine.

Waliodhurika ni watoto waliokuwa tayari tumboni siku bomu lilipolipuka. Kati yao, waliokuwa na umri wa wiki 8 hadi 15 tangu kutungwa na waliopata mionzi mingi, baadhi walizaliwa na kichwa kidogo na akili iliyodumaa. Kwa hiyo cha kuuliza ni mionzi kiasi gani imemfikia mtoto, na akiwa na umri gani tumboni.

Basi tuseme kiasi. Sote hupata mionzi kidogo kila siku kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua humpa mama takriban 0.1, sawa na wiki mbili za kuishi tu. Mtoto hupata chini ya 0.01, kwa sababu mionzi inaelekezwa kifuani, yeye yuko chini. Madhara kwa umbile au ubongo wake hayajaonekana chini ya milisiveti 50. Mbung'o wa Tanga walipata zaidi ya mara milioni moja ya kile kinachomfikia mtoto huyo. Kiasi hicho kingemuua mtu mzima.

Ukifika hospitali

Mwambie mpiga picha kuwa una mimba, au kwamba hujaona siku zako, kabla hujaingia chumbani. Hata kama hajakuuliza. Kwa eksirei ya kifua, mkono au jino, kazi itaendelea. Kwa CT-Scan ya tumbo au nyonga mionzi ni mingi zaidi, na daktari atapima kama inaweza kusubiri au kama ultrasaundi itatosha. Ultrasaundi haitumii mionzi ya aina hii kabisa, wala simu yako na mnara wa simu wa mtaani.

Ukitakiwa kumshika mtoto anapopigwa eksirei na unahisi una mimba, mwachie bibi yake au baba yake amshike, naye aombe aproni ya risasi. Unanyonyesha? Nyonyesha ukitoka tu. Mashine za eksirei husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kituo kinapaswa kuwa na leseni yake. Una haki ya kuuliza.

Tiba ni habari nyingine. Mionzi ya kutibu saratani, kama ile ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, na dawa ya madini joto yenye mionzi inayotolewa kwa baadhi ya matatizo ya tezi ya shingo, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hakikisha umepimwa mimba kabla ya kuanza. Kwa dawa hiyo ya tezi utaambiwa uache kunyonyesha mtoto uliye naye, na usubiri angalau miezi sita kabla ya kubeba mimba nyingine.

Na kile kikohozi: kifua kikuu kisipotibiwa kinaweza kumfanya mtoto azaliwe kabla ya wakati au na uzito mdogo, na baada ya kuzaliwa anaweza kuambukizwa kwa hewa anayovuta karibu nawe. Matibabu katika vituo vya serikali ni bure, na dawa za kawaida za kifua kikuu hutumika wakati wa ujauzito. Kama ulitoka kwenye foleni wiki iliyopita, rudi wiki hii.